Mshale Uliokufa Kwenye Boti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Baba mkwe amestaafu tena. Mara ya kwanza alistaafu ukaguzi wa mizani, kazi ya kuingia duka hadi duka kuhakikisha kilo ni kilo. Leo amestaafu boti yake ya kuvusha abiria. Katuita sebuleni kwake, kajiweka sawa kitini, katangaza kwamba magoti yamegoma kupanda na kushuka gatini. Jumapili familia nzima itapanda. Atashika usukani kwa mara ya mwisho, tutazunguka ziwa, na tukirudi atamkabidhi ufunguo mkwe mmoja.

Mkwe mmoja, na tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada ya mke wangu. Namwita Nadhifu, ingawa si mbele yake. Hupiga pasi hata ovaroli. Ana kimkoba cha bisibisi kiunoni, zimepangwa kwa urefu, na sijawahi kumwona akitumia hata moja.

Boti hii lazima iwe yangu. Si kwa tamaa. Tangu mradi wangu wa barafu uyeyuke (uliyeyuka kweli, ukaingia sebuleni kwa jirani) naamka asubuhi sina pa kwenda. Mke wangu hanisimangi. Anavaa, ananiaga, anakwenda kukata tiketi za boti kwenye kibanda cha gatini, na jioni ananiuliza siku yangu ilikuwaje. Swali hilo linauma kuliko masimango. Tena leo ndiye aliyemwambia baba yake mbele ya wote kwamba mimi naiweza kazi ya unahodha. Nilitazama sakafu. Niliona aibu na furaha kwa pamoja.

Kikao kilipokwisha nikawahi gatini kuisugua boti kabla Nadhifu hajaifikia. Nikazungusha ufunguo nione vipimo. Mshale wa mafuta ukaamka. Wa betri ukaamka. Wa joto ukaamka. Mshale wa mguu wa injini umelala chini kabisa, haupumui.

Mguu ni ile sehemu ya injini inayoning'inia nje, nyuma ya boti, yenye propela. Karibu na usukani kuna kitufe: ukibonyeza juu, mguu unainuka na pua ya boti inapanda; ukibonyeza chini, unashuka na pua inalala. Aliyekaa kwenye usukani hauoni mguu. Anauona mshale tu. Nikabonyeza, nikakimbia nyuma kuchungulia. Mguu umeinuka kama kawaida. Nikakimbia mbele. Mshale uko palepale.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa baba mkwe ni msiba. Huwa anasema hakuna mzani mbovu, kuna mwenye mzani mbovu. Sasa mshale umemfia nani? Umenifia mimi, niliyeshika kitambaa.

Kifuniko cha injini nacho nimekikuta hakijabanwa. Nadhifu huyo. Ameshaanza hujuma.

Jumanne, 7 Mei

Kwa fundi wa boti. Huyu bwana huongea na kijiti cha meno mdomoni, na hakijawahi kumwanguka. Akanionya nisinunue kitu chochote kabla ya kupima. Akaeleza kwamba kando ya mguu kuna vidude viwili vyeusi vya duara, kimoja kila upande. Cha kulia ni sensa. Kazi yake ni umbea mtupu: mguu ukiinuka, inakimbia kumwambia mshale; mguu ukishuka, inakimbia tena. Cha kushoto ni swichi ya kikomo, inayouzuia mguu usipande kupita kiasi; nyaya zake zikichomolewa, mguu haupandi kabisa.

Nifungue kifuniko cha injini, akasema, nizifuate nyaya mbili za sensa mpaka zilipochomekwa, nizichomoe. Niwashe ufunguo. Mshale utakwenda mwisho mmoja. Kisha nizigusanishe zile nyaya, mshale urukie mwisho wa pili. Ukiruka, kipimo ni kizima na sensa ndiyo mgonjwa. Usiporuka, kipimo chenyewe ndicho marehemu. Akarudia tena: kulia sensa, kushoto kikomo. Nikamwambia kulia na kushoto nilifundishwa kabla sijaota meno.

Nikafanya kila kitu kama alivyosema. Nikaenda nyuma ya boti, nikainama juu ya maji, nikatazama mguu. Kidude cha kulia nikakiona kwa macho yangu, upande wa mkono wangu huu ninaoandikia. Nikazifuata nyaya zake hadi ndani. Nikachomoa. Mshale haukujali. Nikazigusanisha. Mshale ukaendelea na usingizi wake. Basi, kipimo ni marehemu, sensa haina hatia. Nyaya zile nikazisokota pamoja, nikazifunga tepu imara zisije zikapotezana.

Nikiwa humo nikakuta nyaya nyingine mbili zinaning'inia upande wa pili, hazijachomekwa popote. Mafundi wa zamani walikuwa wafujaji sana wa waya. Sikupenda uchafu ule. Nikazikunja, nikazifunga kwa uzi mwekundu, nikapiga na kitanzi cha kipepeo. Baba mkwe anapenda usafi.

Jioni mke wangu akauliza siku ilikuwaje. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamjibu: nzuri.

Jumatano, 8 Mei

Fundi ana boti iliyokufa nyuma ya karakana, imeota nyasi ndani. Kipimo chake cha mguu ni kizima. Akakubali kunipa nikimsugulia ukoga kwenye ngazi za karakana. Nimesugua mpaka nimeona chuma ambacho yeye mwenyewe alikisahau.

Kukibadilisha kipimo si mchezo. Unalala chali chini ya dashibodi, miguu nje, shingo imekunjwa, unatafuta nati kwa ncha za vidole. Nati ya kwanza ikaanguka ndani ya sikio langu. Nikatoka na vidole vimechubuka vyote, lakini nimetoka mshindi. Nikazungusha ufunguo.

Marehemu wa pili, kalala palepale alipolala wa kwanza.

Nilikuwa bado nimekaa nikiomboleza pale Nadhifu alipoingia. Ovaroli ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate. Akanisalimia, akaniita ndugu yangu, akauliza kazi inaendaje. Nikajisogeza niuzibe mshale kwa bega. Akainama upande wa pili, akauona. Alitabasamu, akanipigapiga bega, akaondoka akipiga mluzi. Ningeelewa matusi. Mluzi umeninyima raha siku nzima.

Nikarudi kwa fundi. Akauliza nina hakika nilipima upande wa kulia. Nilikasirika, nikamwonyesha mkono wangu wa kulia. Akautazama kwa makini, akakiri kwamba ule ni wa kulia. Basi, akasema, kama nyaya ni sahihi na kipimo ni kizima, itabidi aikague sensa mwenyewe, na kwa hilo boti lazima ivutwe kwenye reli itoke majini. Na kwenye reli kuna boti kubwa ya mtu, imetobolewa tumbo, haitoki mpaka wiki ijayo.

Wiki ijayo! Jumapili baba mkwe atakaa mbele ya mshale huo.

Nimemweleza mke wangu. Akasema jambo ni rahisi: niende kwa baba, nimwambie mshale haufanyi kazi, nimwombe asogeze safari mbele. Baba si mtu wa kula watu. Nikamuuliza kama anaijua maana ya kujipalia makaa. Nimwambie mkaguzi wa mizani kwamba mshale umefia mikononi mwangu, huku Nadhifu ananing'iniza bisibisi zake mlangoni? Akanitazama kidogo. Kisha akajitanda khanga, akasema anakwenda kumwona mama yake. Akarudi, akaniandalia chakula kizuri kuliko cha kawaida. Sijui mama mkwe alimwambia nini.

Alhamisi, 9 Mei

Nadhifu kaleta mito. Mito ya viti vya nyuma, mipya, imeshonwa kwa uzi wa rangi ya boti. Mama mkwe kajaribu mmoja palepale gatini, kasema mgongo wake umepona. Jumapili atakaa nyuma kabisa, kwenye mto wake.

Mimi napambana na umeme, mwenzangu anapambana na pamba, na pamba inashinda. Nimelala mchana kwa hasira.

Ijumaa, 10 Mei

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama.

Nilikuwa jikoni nasikiliza redio. Nikapunguza sauti. Nikaongeza. Nikapunguza. Mkono ukabaki hewani. Sensa inafanya nini? Inazunguka na mguu, inapunguza na kuongeza umeme unaofika kwenye mshale. Na kile kizungusho cha redio kinafanya nini? Kitu kilekile, tena ni cha kuzungusha kwa vidole! Mshale haujui umbea umetoka kwa nani. Umbea ni umbea.

Nikaifungua redio. Kizungusho kikatoka, na vipande vingine viwili ambavyo sikuviomba. Redio sasa ina sauti moja tu, ya juu kabisa. Nitaieleza baadaye.

Mpango: waya mmoja kwenye kipimo, mwingine kwenye waya hasi wa betri, kizungusho kikae mafichoni chini ya dashibodi, upande wa kiti cha abiria. Nani atakaa kiti hicho? Mimi. Baba mkwe atabonyeza juu, mimi nitazungusha juu. Atabonyeza chini, nitazungusha chini. Ataona mshale hai, mtiifu, wenye adabu. Reli ikipata nafasi, sensa itabadilishwa kimyakimya, na mimi nitakuwa nahodha.

Mke wangu karudi, kawasha redio apate habari. Dirisha limetetemeka. Jirani (yule wa barafu) kagonga ukuta. Nikamwambia redio imezeeka, wazee hupiga kelele.

Jumamosi, 11 Mei

Mazoezi. Nimefunga kizungusho, nimejaribu mwenyewe, injini ikiwa imezimwa. Kidole cha kushoto kwenye kitufe, cha kulia kwenye kizungusho. Kizungusho kina kisirani: unazungusha, unazungusha, hakuna kitu, halafu kwenye unywele wa mwisho mshale unaruka kama aliyekanyaga moto. Lakini nimeshaizoea tabia yake. Siri ni kusikiliza. Mguu ukiinuka, pampu yake inalia mlio mwembamba. Ukishuka, mlio mzito. Nimefumba macho, nimefuata mlio kwa masikio tu, na mshale umekwenda sambamba na mguu. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Tena nimegundua mguu unapanda juu zaidi ya zamani. Zamani ulikuwa unafika mahali unasimama wenyewe. Sasa unaendelea tu mpaka uachie kitufe. Pampu imepata nguvu. Dalili njema.

Jioni mke wangu alikaa mbele yangu, akazima redio, akauliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia baba yake kabla ya kesho. Akauliza taratibu, kama mtu anayeshika kitu cha kuvunjika. Nikamwambia lipo: shikamoo. Nikacheka. Hakucheka.

Jumapili, 12 Mei

Naandika nikiwa bado na unyevu kwenye soksi.

Asubuhi ziwa lilitulia. Baba mkwe alivaa kofia yake ya kazini, ile ya ukaguzi. Mama mkwe alivaa gauni jipya la bluu, akakaa nyuma kwenye mto wake. Nadhifu kando yake, shati jeupe, suruali nyeupe, kimkoba cha bisibisi. Shemeji, dada ya mke wangu, alikuwa zamu kazini. Mke wangu alisimama katikati akishikilia bomba la paa. Mimi nikawahi kiti cha mbele, kushoto kwa baba mkwe, begi magotini, mkono mmoja chini ya begi, vidole kwenye kizungusho. Nadhifu alipoona nimewahi, akatabasamu tena lile tabasamu. Nilijua anangoja mshale uniumbue. Nikasema moyoni, ngoja tu.

Baba mkwe akazungusha ufunguo. Mafuta, betri, joto, vyote vikaamka. Nikagusa kizungusho. Mshale wa mguu ukapanda robo, ukakaa. Tabasamu la Nadhifu likaanguka ndani ya ziwa. Raha niliyoipata pale, hata nikifa leo, imetosha.

Lakini nilikuwa nimesahau jambo moja. Mazoezi nilifanya injini imezimwa. Baba mkwe akawasha injini.

Husikii pampu. Husikii mlio mwembamba wala mlio mzito. Unasikia injini, na moyo wako.

Tukatoka gatini. Baba mkwe akabonyeza kitufe. Juu au chini? Kidole chake kilikuwa kimefunikwa na kiganja. Nikabahatisha juu. Mshale ukaruka mpaka mwisho. Akaangalia. Akabonyeza tena. Nikabahatisha chini. Mshale ukaanguka. Akabonyeza, nikapandisha. Akaacha, nikashusha kwa makosa, nikapandisha kusahihisha. Mshale ulikuwa unaruka huku na huku kama nzi ndani ya chupa. Jasho likanitoka. Niligeuka kumtazama baba mkwe, nikakuta hautazami mshale hata kidogo. Ananitazama mimi. Alikuwa ananitazama bega, lile la mkono uliojificha, na bega lilikuwa linacheza.

Basi akakibonyeza kitufe, akakishikilia. Nikaona mshale uko juu tayari, nikaona busara ni kuushusha polepole, kwa heshima. Aliendelea kushikilia. Nikaendelea kushusha. Mshale unasema mguu unashuka. Pua ya boti inasema vingine: inapanda, inapanda, mpaka mbele hatuoni ziwa, tunaona mawingu.

Kisha nyuma kukasikika mshindo. Propela ilikuwa imefika juu ya maji, inakata nusu maji nusu hewa, injini inapiga yowe, na maji yanaruka kama bomba la mji limepasuka. Yote yakaanguka kiti cha nyuma. Gauni jipya. Mito mipya. Suruali nyeupe yenye mkunjo wa pasi. Nadhifu alifungua kinywa apige kelele, kikajaa ziwa.

Mke wangu ndiye aliyepita katikati yetu, akapunguza gesi, akabonyeza chini mpaka mguu ukalala. Hakuutazama mshale. Aligeuza shingo akautazama mguu wenyewe. Baba mkwe akazima injini. Boti inaelea. Mama mkwe anakamua ukingo wa gauni, tone kwa tone.

Baba mkwe akainama, akapeleka mkono chini ya begi langu, akautoa wangu. Ulikuwa bado umeshika kizungusho, nyaya zinaning'inia. Akaniuliza ni kitu gani. Nikasema ni kizungusho cha sauti. Akauliza, sauti ya nini. Nikasema ya redio. Akauliza redio iko wapi. Nikasema nyumbani, inapiga kelele.

Hakufoka. Laiti angefoka. Alikwenda nyuma, akafungua kifuniko cha injini, akatutaka tusogee. Akazionyesha zile nyaya mbili nilizozifunga uzi mwekundu. Akakitazama kitanzi cha kipepeo kwa muda. Akakifungua, akazichomeka nyaya mahali pake. Akaniambia niwashe ufunguo. Nikawasha. Mshale ukainuka wenyewe, taratibu, ukasimama pale pale mguu ulipo. Umbea wa kweli.

Ndipo akasema. Nyaya alizichomoa yeye, kabla hata ya kutuita sebuleni. Maisha yake yote ya ukaguzi, akiingia dukani hakutazama mzani kwanza. Alimtazama mwenye duka. Sensa haikuwa na ugonjwa. Alitaka kujua ni mkwe gani atakuja kumwambia kwamba mshale hausemi kweli. Hicho tu. Akamgeukia Nadhifu, akamuuliza aliuona lini mshale umekufa. Nadhifu akatema maji kidogo, akasema Jumatano. Akamuuliza kwa nini hakusema. Nadhifu akasema halikuwa jambo lake. Akanigeukia mimi. Nikatazama maji.

Kisha akaiona tepu yangu. Akauliza nani amezifunga pamoja nyaya za swichi ya kikomo, maana hilo halikuwa kwenye mtihani wake, na ndilo lililomwogesha mke wake. Nikasema ni sensa, nilipima ya kulia. Akafafanua kwamba kulia kwa boti huhesabiwa ukitazama pua inakoelekea; aliyeinama nyuma akitazama maji, kulia kwake ni kushoto kwa boti. Akaikata tepu, akazichomeka nyaya mahali pake. Sikubishana na mkwe. Ila kulia kwangu nimezaliwa nako, na hakujawahi kunihama.

Tulirudi. Gatini baba mkwe akatoa ufunguo. Nilisimama wima, maana huwezi kujua. Akatupita mimi na Nadhifu, akamwekea mke wangu ufunguo kiganjani. Akasema ni huyu aliyekuja.

Nyumbani nikamuuliza: alikwenda lini? Akasema Jumatano, nilipokataa. Nikasema kumbe alinichongea kwa baba yake. Akasema hapana. Alikwenda kumwambia mshale umekufa na kumwomba asogeze safari. Baba alimjibu angoje mpaka Jumapili, mwenye kuja atakuja. Naye akamwambia, usijali baba, mume wangu atakuja mwenyewe kukwambia.

Alingoja Alhamisi. Alingoja Ijumaa. Jumamosi aliniuliza, nikasema shikamoo.

Akawasha redio ili tusiongee, ikapiga yowe, na hatukuwa na namna ya kuipunguza. Tulikaa hivyo, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukasikiliza hali ya hewa kwa nguvu zote.

Jumanne, 14 Mei

Nina kazi! Mke wangu, nahodha, amenichukua. Kufunga kamba, kufuta viti, kuwapa abiria mkono. Nadhifu naye kachukuliwa, kwa ombi la mkewe, dada ya nahodha. Tunafuta kiti kimoja, mimi huku, yeye kule, tunakutana katikati bila kusalimiana. Mito imekauka lakini inanuka samaki.

Asubuhi niliamka nina pa kwenda. Nilifunga kamba vizuri. Mke wangu akaniangalia kutoka kwenye usukani, akatikisa kichwa kuonyesha nimefanya sawa, na moyo wangu ukapanda kuliko pua ya boti ile Jumapili. Sasa nimetulia. Yaliyopita si ndwele. Mwanamume akikosea hukaa chini, huchambua, huokota somo.

Nimekaa, nimechambua, nimeokota.

Mchana nahodha ametangaza kwamba mwisho wa mwezi atachagua msaidizi mmoja wa kushika usukani siku anapopumzika. Mmoja. Na tuko wawili. Nadhifu papo hapo akatoa bisibisi, ya kwanza kutumika tangu zinunuliwe, akaanza kukaza kitu ambacho hakijalegea.

Somo ni hili: mshale ukifa, anayeshinda ni yule anayekwenda kusema wa kwanza. Si anayeutengeneza, si anayeficha. Anayesema! Baba mkwe mwenyewe kathibitisha. Lakini mishale yote sasa ni mizima, na kungoja ufe wenyewe ni kumpa Nadhifu nafasi. Mtu mwenye akili hangoji.

Kwa hiyo jioni hii, abiria walipokwisha shuka na nahodha yuko kibandani anafunga hesabu ya tiketi, nimefungua kifuniko cha injini, nimechomoa nyaya za sensa. Kesho alfajiri kuna watu wa kuvushwa kule kwenye maji mafupi, ambako lazima mguu uinuliwe. Kabla nahodha hajagusa ufunguo, nitakuwa nimesimama mbele yake, mikono nyuma, nikimwambia kwa ukweli wote kwamba mshale wa mguu umekufa. Nimeshafanya mazoezi ya sauti. Inatoka na huzuni kidogo, inapendeza.

Na safari hii sijakosea upande. Nimehakikisha mara mbili. Nilikwenda nyuma kabisa ya boti, nikainama juu ya maji, nikanyoosha mkono wangu huu ninaoandikia, na nikachomoa za kulia.